Kidole cha Koko Nolari

Nakumbuka Jumatano moja mjini Kajiado ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, lakini wewe umenikumbusha. Juzi uliacha faili mezani kwangu hapa Kitengela, ukitaka niipitie kabla hujaiwasilisha. Nimeipitia. Nilipofika kwenye orodha ya wananchi "waliokubali" mgodi, majina yote yakiwa kwa mwandiko mmoja, damu ilinichemka. Kaa chini. Leo utanisikiliza.

Nilikuwa wakili mchanga, binti wa Vihiga niliyepanga chumba kimoja na kununua viatu vya mahakamani kabla ya kununua kitanda. Mteja wetu alikuwa na kampuni ya mawe ya chokaa. Alitaka kupasua mwamba mmoja mrefu kule nyikani, na katika mwamba huo ndimo tumbusi walimojenga viota vyao. Usicheke. Najua tumbusi hana mtetezi. Angekuwa twiga, watu wangelia. Lakini ndege huyo anakwisha, sheria inamlinda, na wafugaji wa kule walijua thamani yake kabla ya sheria kuijua. Ng'ombe akifa, yeye ndiye anayesafisha nyika kabla maradhi hayajafika kwenye boma.

Sheria ilitaka wenyeji wasikilizwe kabla leseni haijatolewa. Mteja hakuwa na subira hiyo. Wakili mkuu wa ofisi yetu, mzee aliyenifunza kazi, aliniambia maneno mawili tu: "Tafuta majina." Nami, kwa tamaa ya kusifiwa, nikayatafuta. Nikapata kwa karani mmoja orodha ya watu waliopeleka mbuzi kwenye chanjo: jina, alama ya kidole gumba, na tarakimu pembeni. Nikaiweka kwenye mashine ya fotokopi, nikafunika kichwa cha karatasi kwa kipande cheupe, nikabonyeza, na nakala hiyo nikaiambatisha kwenye ombi la leseni kama orodha ya waliokubali. Mkono uliofanya hivyo ni huu ninaokunyooshea sasa. Hakuna aliyenishikia bunduki.

Leseni ikatoka, baruti zikaanza kulia. Wenyeji wakakata rufaa, na Jumatano hiyo baraza la rufaa likaketi kuwasikiliza. Akasimama Koko Nolari, bibi mwembamba wa boma lililo karibu kabisa na mwamba ule. Koko ndivyo wanavyomwita nyanya huku. Wakili mkuu akamwonyesha karatasi yangu.

"Mama, kidole hiki ni chako?"

"Ni yangu."

"Basi ulikubali."

"Hiyo siku nilikuwa nimeshikilia mbuzi," Koko akasema. "Hakuna mtu aliniuliza maneno ya mawe."

Wakili mkuu akatabasamu, akasema karatasi haitaji mbuzi popote. Koko hakujua kusoma, lakini hakuwa mjinga. Akamwomba mwenyekiti wa baraza amsomee kilichoandikwa kando ya jina lake. Mwenyekiti akasoma: arobaini na mbili. Akauliza maana yake ni nini. Wakili mkuu, bila kupepesa jicho, akajibu kwamba hiyo ni idadi ya watu wa nyumba yake.

"Kwangu niko na mjukuu mmoja," Koko akasema. "Arobaini na mbili ni mbuzi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi sikucheka. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu ilikuwa imefika mwisho mbele ya macho ya watu.

Leseni ikafutwa. Unadhani basi mambo yaliisha vizuri? Hapo ndipo hasira yangu ilipo! Baruti haingoji rufaa. Upande wa mwamba wenye viota ulikuwa umekwisha kuanguka, makinda wakiwa ndani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Haya, mwamba nao ataujenga nani?

Nje ya ukumbi nilimwendea Koko. Nikamwambia ni mimi niliyeifunika karatasi. Kisha nikainamisha kichwa, jinsi vijana wa kule wanavyowasalimu wazee, ili aniwekee mkono utosini. Nikangoja. Mkono haukuja. Aliuacha ndani ya shuka yake.

"Ile ndege haina kidole ya kuweka kwa karatasi," akasema polepole. "Kidole yake ilikuwa hii yangu. Na wewe umesoma, ukaiiba, ukaitumia kuivunjia nyumba."

Akaenda zake kutafuta gari la kurudi nyumbani. Nilikaa miaka nikijipa moyo kwamba nitamfuata niombe radhi tena. Nilipomfuata, nikaonyeshwa kaburi.

Sasa na wewe waniambia kila ofisi hufanya hivyo! Kila ofisi ipi? Watu wanafunguliwa mgodi mlangoni pao, halafu wanasomewa mahakamani kwamba waliuomba, na aliyeandika uongo huo ni mtoto wa watu aliyesomeshwa kwa jasho, amevaa tai, anajiita mtetezi wa haki. Aibu hiyo siwezi kuimeza mara ya pili.

Kwa hiyo shika maneno yangu. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, ukae na wenyeji na uwaulize kwa lugha wanayoielewa. Andika na wanaokataa, tena wao kwanza. Uliza ni kiumbe gani kinaishi pale, na usiulize wakati ambao mteja anajua kimehama. Mteja akikuambia utafute majina, mrudishie faili yake, njaa haitakuua. Leseni huombwa tena, lakini kiumbe kilichokwisha hakikatiwi rufaa popote. Na mchuma janga hula na wa kwao: maji na vumbi la machimbo hayo ni ya watoto wako pia.

Haya, ichomoe orodha hiyo. Kwa mkono wako, si wangu. Ichane.

Vyema. Sogea, inamisha kichwa. Mungu akupe ulimi usiouzwa na macho yanayomwona hata asiye na mtetezi. Akujalie wazee wafurahi ukipita kwao, na uzee wako usiwe na kaburi unalolionea haya. Nakuwekea utosini mkono ambao mimi sikuwekewa.