Jembe Nililompelekea Baba Ufukweni

Mwandishi wa barua hii tunamjua. Kwa ombi lake, jina lake na la kijiji chake hatuyataji.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na moja, mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya misheni karibu na Njombe. Wazazi wangu ni wakulima upande wa Makambako. Nimekulia bwenini tangu nikiwa mdogo, na nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ukunga mwakani. Nasema nilikuwa, maana sasa sijui.

Likizo iliyopita baba alisema twende Manda, kando ya ziwa, tukamsalimu shangazi aliyeolewa huko. Nilifurahi mno. Sikuwa nimewahi kuliona ziwa, wala kutembea na wazazi wangu mahali popote isipokuwa shambani na kanisani. Siku ya pili shangazi alituongoza kwa miguu kandokando ya maji, tukapanda miamba, tukateremkia kighuba kidogo kilichojificha. Hapakuwa na nyumba wala mtu. Mama alitandika kanga akapanga viazi vya kuchemsha. Baba, ambaye sijapata kumwona bila viatu mbele za watu, alikunja suruali akaingia ziwani. Mama akamtania, "Mzee wa kanisa, ukianza kutembea juu ya maji utuambie." Tulicheka hata shangazi akapaliwa. Nikawaza, kumbe hawa ndio wazazi wangu, na miaka yote ile ya bweni ikaniuma.

Kisha wakaja mama mmoja na mwanawe wa kiume, mtu mzima, wamebeba samaki wa kuchoma. Shangazi alisema ni majirani zake. Tukala pamoja. Yule mwanaume ana duka, na mkewe alifariki. Aliniuliza habari za shule kwa upole, nami nikamjibu kama ninavyomjibu mzazi wa mwanafunzi.

Tulipokwisha kula, mama yake alifungua kitambaa akatoa jembe jipya lisilo na mpini. Akaniambia, "Mwanangu, nipelekee hili kwa baba yako."

Baba alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka kwetu. Nikadhani ni zawadi ya mkulima kwa mkulima mwenzake. Nilipiga goti, nikalipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa kupokea kitu cha mkubwa, nikampelekea. Alilichukua bila kunitazama. Shangazi akapiga vigelegele. Nami nilitabasamu, kwa sababu wote walikuwa wakitabasamu.

Tukiwa njiani kurudi ndipo shangazi aliponiita mke wa mtu. Kwetu binti akipokea jembe la posa na kumkabidhi baba yake mbele ya watu, amekubali. Asiyetaka huliacha chini. Wenzangu waliokulia nyumbani wanalijua hilo tangu utotoni. Mimi nilikuwa bwenini, nikikariri majina ya mito ya Uingereza.

Nilimuuliza mama kama alijua. Akasema, "Ningekuambia, ungeliacha mchangani. Sasa mikono yako imekwisha kujibu, mwanangu."

Hakulisema kwa ukali. Alikuwa akinifuta mchanga mgongoni.

Baba naye anasema hakunilazimisha, aliniona kwa macho yake nikipiga goti. Nilipomwambia sikujua maana yake, aliniuliza tangu lini mwalimu akasimama mbele za watu akasema hajui. Jembe likishapokelewa hurudishwa na baba peke yake, na baba hatalirudisha. Nilimwendea mchungaji. Alisema wazazi wamemweleza kwamba nimeridhia, na kwamba hajasikia binti aliyepokea kwa magoti akasema alikataa. Ndoa itatangazwa kanisani baada ya mavuno.

Yule mwanaume si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniziba mdomo, kwa kuwa sina la kumshitakia. Usiku nalala nikiwaza cheko letu lile pale majini, wala sijui kama wazazi wangu walicheka kweli au walikuwa wakiningojea.

Ninyi akina mama mnaosoma ukurasa huu, kama yupo kati yenu aliyewahi kukubali asijue kwamba anakubali, naomba aniandikie. Uliamkaje kesho yake? Na mimi, ambaye bado sijavishwa pete, nishike njia ipi?