Koili Mbili za Marehemu

Mama Koili alikuwa na jambo moja ambalo halikuwa na mjadala: marehemu mumewe hakuwahi kuunganisha waya kinyume. Aliwaambia hivyo wateja waliokuja na mota zilizoungua, akawaambia mafundi wenzake, na siku ya msiba, watu walipopewa nafasi ya kusema neno, alisimama akasema hilo tu, akakaa. Waliowafahamu vizuri walijua anatia chumvi. Marehemu alikuwa seremala. Kusuka waya alifundishwa ukubwani, na aliyemfundisha ni huyo huyo Mama Koili.

Yeye kazi hiyo alizaliwa ndani yake. Baba yake alisuka mota za pampu, za feni na za mashine za kusaga, na binti alianza kushika roli la waya wa shaba kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Alipokuwa msichana mkubwa, akaja seremala mmoja mwembamba na mota ya msumeno wake. Ikasukwa, ikafanya kazi. Wiki iliyofuata akairudisha, eti inanguruma vibaya. Ikapimwa, haina kasoro. Akairudisha tena. Hapo mzee akavua miwani, akamwambia, "Kijana, mota yako ni nzima. Kama una jambo jingine, liseme." Kweli, alikuwa na jambo jingine.

Walipooana, seremala akahamia kwenye meza ya koili, zile duara za waya zinazosukwa ndani ya mota. Mikono alikuwa nayo, ila kichwa kilichelewa kushika, na mkewe hakuwa mtu wa kuacha jambo la kuchekesha lipite. Alikucheka leo, na baada ya miezi sita, mbele ya wageni, alikucheka upya akiigiza na mikono. Hakuwa na roho mbaya. Kwao walilelewa hivyo, mtu anayependwa ndiye anayetaniwa. Mumewe alitabasamu na kujikaza kisabuni, akarudi kwenye mashine yake.

Kazi ya kwanza aliyoifanya peke yake ilikuwa ya mdogo wake. Mama Koili alikuwa amejifungua wiki hiyo, yuko kitandani na mtoto, na karakana ikabaki mikononi mwa mwanafunzi. Mdogo mtu alipiga gitaa la solo kwenye bendi, na jina la Solo lilikuwa limemganda hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo. Pikapu ya gitaa lake ilikuwa imekufa.

Pikapu hiyo ni kijisanduku kinachokaa chini ya nyuzi, ndani yake mna sumaku na waya mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara. Uzi ukitikisika juu yake, waya unaunasa mtikisiko na kuupeleka kwenye spika. Ya Solo ilikuwa ya aina wanayoiita hambaka, yenye koili mbili zilizolala ubavu kwa ubavu. Koili ikiwa moja, hunasa muziki pamoja na mngurumo wa umeme wa taa na feni zilizo karibu. Zikiwa mbili, zikaunganishwa inavyotakiwa, mngurumo wa hii unafuta mngurumo wa ile, na muziki unabaki, mnene na uliotulia. Wapiga gitaa wengi huipenda kwa sababu hiyo.

Gitaa la Solo lilitoka kwenye meza ya kaka yake likiwa na sauti nyembamba, ya puani kidogo, iliyopenya katikati ya tarumbeta na ngoma bila kuomba njia. Tena lilivuma. Akiielekea taa ya jukwaa, lilianza kuvuma mpaka watu wa mbele wanageuka. Kwa hiyo Solo akajifunza kusimama upande, bega moja kwa watu na jingine kwa mpiga ngoma, pale pembeni ambapo lilinyamaza. Mashabiki wakadhani ni maringo. Wapiga gitaa chipukizi wa mtaa mzima nao wakaanza kusimama upande, na magitaa yao hayakuwa yakivuma hata kidogo.

Mama Koili aliwahi kuuliza, mara moja mbili, mbona gitaa la shemeji linavuma hivyo. "Ndivyo lilivyo," mumewe alijibu, akauliza kama kuna chai. Naye hakufuatilia. Muziki kwake ulikuwa kelele za shemeji, na kazini kwake kulikuwa na kelele za kutosha.

Miaka ikaenda. Bendi ikajulikana, na iliyoijulisha ilikuwa sauti ile ya gitaa. Kisha marehemu akaugua, akaondoka. Msimu wa mvua uliofuata unyevu ukapenya ndani ya pikapu, waya ukaliwa, gitaa likanyamaza katikati ya wimbo. Solo alilileta akiwa amelikumbatia.

"Shemeji," alisema, "lirudishe kama kaka alivyoliacha. Usiongeze, usipunguze. Kama alivyoliacha."

"Kwani mimi huwa nakuwekea nini, sukari? Liache hapo."

Alilifungua asubuhi, karakana ikiwa tupu. Akatoa kifuniko, akakata utepe uliozeeka, akafika mahali koili mbili zinapokutana. Akasimama. Akavaa miwani, akasogeza taa, akatazama tena. Koili ya pili ilikuwa imeunganishwa kinyume. Koili hizo zilikuwa zikipigana miaka yote hiyo: kila moja ikifuta muziki wa mwenzake na kuongeza mngurumo. Lilikuwa kosa la mwanafunzi wa siku ya kwanza, na mkono ulioulehemu ule muungo aliujua kuliko mkono wake mwenyewe.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutazama mlangoni. Aliona aibu kana kwamba mumewe amekutwa hajavaa shati mbele ya wageni. Kisha akafanya anachokijua: akasuka koili zote mbili upya, akaziunganisha sawasawa, na waya wa zamani akautupa kwenye pipa la shaba chakavu, chini kabisa. Hakumwambia mtu.

Solo akalichukua, akashukuru, akaenda mazoezini. Kesho yake alikuwa mlangoni.

"Shemeji, hili gitaa la nani?"

"La kwako. Tena sasa halivumi."

"Ndiyo, halivumi! Jana nimesimama mbele ya taa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, sijui niangalie wapi. Mwimbaji akageuka akaniuliza nani anapiga. Yupo nyuma yangu, anauliza nani anapiga! Na kiongozi wa bendi keshaanza kumtazama yule wa kinanda kwa jicho la huruma. Mimi nikikosa sauti ile nimekwisha, shemeji. Vidole vyenye mbio wanavyo wengi."

Mama Koili akasema huenda ni nyuzi mpya. Akasema huenda ni spika. Solo akamtazama kama mtu anayetaka kusema neno, akalimeza.

"Kama alivyoliacha," akarudia tu.

Basi ikabidi watafute. Solo akaazima hambaka tatu: moja kwa mpiga ridhimu wa bendi, moja kwa muuza vyombo vya muziki, moja ikatolewa kwenye gitaa lililovunjika shingo. Ya nne ni hiyo iliyosukwa upya. Mama Koili moyoni aliomba mojawapo impendeze, yaishe, na jina la marehemu libaki lilipo. Ila hata katika kuomba huko hakuweza kufanya kazi ovyo. Baba yake alimfundisha kuwa kulinganisha vitu viwili ni kuhakikisha kwanza vyote vingine vimefanana.

Akamkalisha Solo kwenye stuli, uso kwa ukuta. Spika moja, kitufe cha sauti hakiguswi. Kila pikapu aliipandisha mpaka njiti ya kiberiti ikapita kwa shida kati yake na uzi, kwa sababu iliyo karibu na uzi hupiga kelele zaidi, na sikio hudhani yenye kelele ndiyo nzuri. Juu ya kila moja alibandika utepe mweusi ili ziwe sura moja.

"Macho hayaruhusiwi kusikiliza," alisema. "Piga kipande kimoja, hicho hicho kila mara. Usinionyeshe ufundi."

Solo akapiga mwanzo wa wimbo uliowapa jina, kile kipande ambacho hata wauza mitumba wanakipiga mluzi.

"Hii imeshiba," alisema kuhusu ya kwanza. "Inaongea na chakula mdomoni."

Wakalegeza nyuzi, wakabadilisha, wakakaza. Ya pili ilikuwa kali juu na tupu chini. "Inagomba," alisema. "Kama jirani wa mama." Ya tatu alitikisa kichwa kabla hajamaliza kipande, akasema imelala, isiamshwe.

Ya nne alipiga yote, akarudia bila kuambiwa. Kila noti ilisimama peke yake, safi, na ilipokwisha haikuacha uchafu nyuma.

"Hii ni nzuri kuliko zote," Solo akasema taratibu, bado uso uko ukutani. "Aliyeisuka hii ni fundi hasa. Lakini siyo."

Ilikuwa ya Mama Koili. Katika maisha yake hakuwa amewahi kusifiwa kwa namna iliyomuuma vile. Hapo ndipo alipokubali alilokuwa analikwepa tangu asubuhi ile: hakuna pikapu iliyounganishwa sawasawa itakayomrudishia Solo sauti yake, hata ingetoka wapi. Sauti ile ilikuwa kosa lenyewe.

"Kaa hapo hapo," akamwambia. "Imebaki moja."

Akachukua ile ile yake.  Akayeyusha muungo, akavuta ncha za koili ya pili, akazibadilisha nafasi, akalehemu. Mazoea ya mkono wake ya miaka yote yalikuwa yakimwambia acha, unaharibu kazi ya watu. Akabandika utepe, akairudisha chini ya nyuzi, akapima kwa njiti.

"Haya."

Spika ikaanza kuvuma. Solo alisikia mvumo ule, na kabla hajagusa uzi alikuwa amekwisha kugeuka na stuli yake, bega ukutani, mpaka mvumo ukanyamaza. Kisha akapiga. Sauti ikatoka nyembamba, ya puani, ikakata karakana yote. Mama Koili, ambaye muziki kwake ulikuwa kelele, akajikuta amekaa chini juu ya mota ya mtu. Karakana ilikuwa vile ilivyokuwa mumewe akiwa bado kwenye meza ile.

Solo alipiga wimbo mzima. Alipomaliza alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Hii umeitoa wapi, shemeji?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Angesema ni ya zamani, ya baba yake, aliiokota kabatini. Solo angeamini au angejifanya kuamini, na mambo yangeishia hapo. Lakini kusema hivyo kungekuwa kumnyang'anya marehemu kitu pekee alichokiacha ambacho bado kinasikika. Akapiga moyo konde.

"Ni ya kaka yako," alisema. "Alikosea. Aliunganisha koili moja kinyume, mimi nikanyoosha, nikaficha. Sasa nimeirudisha ilivyokuwa."

Alingoja Solo ashangae. Solo aliweka gitaa magotini.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Alijua mwenyewe. Usiku ule wa kwanza, wimbo haujaisha, akaja nyuma ya jukwaa jasho linamtoka, anataka nimpe gitaa akarekebishe. Nikamwambia ukiligusa tu, mimi na wewe si ndugu tena. Ndiyo akaniapisha nisikwambie. Alisema mke wangu akijua, nitachekwa mpaka nizikwe."

"Na wewe siku zote hizi unanizungusha na mapikapu ya watu!"

"Nilikuwa nimeapa, shemeji. Nilidhani ukifungua utaona mwenyewe. Nikakwambia, kama alivyoliacha."

Mama Koili alikumbuka kila mara alipouliza habari ya mvumo ule na mumewe akauliza kama kuna chai. Chai yenyewe mara nyingine alikuwa amekwisha kunywa. Iliuma, na hakujidanganya kuwa haiumi: mtu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote alibeba kosa dogo kiasi kile kimyakimya, kwa kuogopa kicheko chake.

"Ningemcheka," alisema mwishowe.

"Ungemcheka sana."

"Ningemcheka, kisha ningemwambia asiliguse. Hilo hakulijua." Akainuka, akachukua gitaa, akafunga kifuniko cha pikapu, akakaza skrubu zake moja moja. "Nenda mazoezini. Na ukipata fundi mwingine akakwambia limeunganishwa vibaya, mwambie akae mbali nalo."

Jumamosi alasiri bendi ilipiga kwenye ukumbi wa mtaa, na Mama Koili akaenda, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Alikaa mbele. Solo akapanda jukwaani, akatafuta pembe yake, akasimama upande, na kile kipande cha mwanzo kikapenya katikati ya tarumbeta. Mwimbaji hakugeuka kuuliza nani anapiga.

Mwanamume aliyekaa kando yake, asiyeijua bendi ile, akamwinamia. "Huyu wa gitaa mbona anasimama vile? Ana maringo?"

Mama Koili akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani, na mikono ikaanza kuigiza: seremala mwembamba, miwani puani, ncha ya waya huku na ncha ya waya kule, akizitazama kwa shida. Alicheka mpaka machozi yakatoka, na hakuyafuta.

"Hana maringo," alisema kwa sauti ya kushinda tarumbeta. "Mume wangu aliunganisha waya kinyume."