Siku ya Mwisho ya Barabara ya Ziwani

Tulitoka msituni ghafla, kama mtu aliyesukumwa nje ya mlango, na mbele yetu kukawa na tambarare isiyo na mti hata mmoja. Nyumbu walitapakaa hadi macho yalipochoka. Sikuwahi kufika katika hifadhi hii. Aliyeniongoza, mwanamke wa makamo ambaye waongozaji wenzake humwita Dada Gia, hakupunguza mwendo.

"Hao utawaona hadi uwachoke," alisema. "Ziwa ndilo la kuwahi. Kesho barabara yake inafungwa, mvua zinaanza."

Asubuhi, langoni, mlinzi alilichungulia gari lake la viti saba akacheka. "Dada Gia, leo umebeba hewa?"

"Hewa iko kichwani mwako," alimjibu, akapita. Mgeni wake nilikuwa mimi peke yangu.

Njiani akanisimulia habari za baba yake. Mzee aliendesha greda maisha yake yote ya kazi, na barabara hii ya ziwani aliichonga yeye. Pale inapopinda bila sababu, sababu ilikuwapo: kiboko mwenye mtoto alikataa kutoka dimbwini, basi Mzee akamzunguka. Sasa macho yake yanaingia ukungu, na daktari amesema hakuna dawa. Kiu yake ni moja tu, kuliona ziwa tena kabla giza halijamfika. Barabara itakapofunguliwa tena baada ya mvua, huenda asione kitu.

Tukapita bwawa la matete, tukapanda kilima cha mawe meusi yaliyotapikwa zamani na volkano. Kule juu, ziwa likajitandaza chini yetu, na ukingoni wamejaa heroe, wale ndege wa miguu mirefu na manyoya ya rangi ya waridi. Ndani ya hifadhi, simu hushika mtandao hapo tu. Dada Gia akampigia baba yake, akaongeza sauti nisikie.

"Baba, heroe wamejaa!"

"Upande wa jiwe refu?"

"Hukohuko. Haya, msalimie mgeni wangu."

Nikaipokea simu kwa bashasha. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmebanana sana humo garini?"

"Tubanane wapi, Mzee! Tuko wawili tu, viti vinapigwa na upepo."

Akasema taratibu, "Haya. Angalieni heroe," na simu ikakatika.

Dada Gia akaketi juu ya jiwe. "Nilimwambia gari limejaa."

"Kwa nini, dada? Ungeniuliza tu, ningekubali aje."

"Mwaka jana nilimchukua. Kila kona ananishika mkono: punguza, hapa pana bonde, hivi leseni ulipewa na nani? Wageni wakacheka, halafu wakaenda kulalamika ofisini. Nikaonywa. Nikaapa, baba ni baba, lakini kazini simleti tena." Alipangusa vumbi kwenye kioo cha simu. "Leo alfajiri nimemkuta mlangoni, amevaa viatu. Nikamwambia wageni wamejaa. Akaviinamia, akaanza kulegeza kamba."

"Turudi tukamchukue."

"Nyumbani ni mwendo wa saa nne kwenda tu. Jua likizama wanafunga malango."

Tukashuka hadi ziwani. Alinionyesha nyayo za fisi kwenye chumvi, akanieleza heroe wanakula nini, hakuruka kitu. Lakini alisema yote akiwa ameupa mgongo ule upande wa jiwe refu.

Jioni tukafika lango la pili; mimi ningelala kwenye nyumba ya wageni iliyo nje yake. Yeye angezungukia barabara kuu hadi kwake. Alinishushia begi, akasimama nalo mkononi.

"Nimwambie nini?"

"Mwombe radhi."

"Radhi atanipa, ni baba yangu. Kisha ataniuliza ziwa lilikuwaje, nami nitamweleza, naye ataitikia vizuri kabisa, kana kwamba kweli gari lilijaa. Hicho ndicho ninachokiogopa."

Akapanda garini, akampigia baba yake. Ikaita, ikaita. Hakuikata. Akaiweka kwenye kiti cha mbele kando yake, ikiwa bado inaita, akatia gia na kuondoka. Mimi nikabaki barabarani na begi langu, nikifunika macho kukinga vumbi la gari lake.