Chumvi ya Kiganjani

Juzi, nje ya uzio wa mgodi, nilimwona mlinzi akimchapa fimbo mama mmoja aliyekuwa akiokota mawe ya dhahabu yaliyotupwa. Nikamkumbuka bibi wa Kihindi wa Tinde, nilikokulia.

Alikuwa mama wa mwenye duka, duka lililonukia bizari na mafuta ya taa. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, alinijazia chumvi kiganjani, akavikunja vidole vyangu taratibu, machozi yakimlengalenga. Kwetu chumvi ya kiganjani tuliwalambisha ndama. Nikaamini ananiona ndama, nikarudi nayo nyumbani nikilia.

Mama alinikokota mpaka dukani, akaimwaga mlangoni. "Mwanangu si ng'ombe!"

Bibi alipiga magoti, akaanza kuiokota vumbini, punje kwa punje. Mwanawe akatoka mbio.

"Mama Kulwa, samahani. Kwetu India, Mwingereza alikataza watu kuokota chumvi ya baharini, wanunue ya serikali tu. Baba wa mama yangu huyu aliokota kiganja kimoja, akapigwa mama akiona, mpaka akafa. Ndiyo maana watoto anawapa bure."

Mama akachuchumaa, akaokota naye.

"Alipigwa na Mzungu?" nikauliza.

"Hapana. Na askari Mhindi, wa kijiji chao hichohicho."

Nilidhani ananidanganya. Mtu wa kwenu akupige kwa ajili ya chumvi?

Yule mlinzi wa juzi alikuwa akifoka kwa Kisukuma chetu, na yule mama alikuwa akimsihi kwa jina lake la utotoni.