Kapita wa Zimwi

Nilipokuwa mtoto kule Ntoto, Zimwi mwenyewe hakunitisha sana. Niliyemwogopa ni kapita wake.

Zimwi wa hadithi za koko, bibi yangu mzaa baba, alikuwa mkubwa kuliko nyumba na alimeza vijiji vizima, lakini alikuwa mzito na macho yake hayakuona mbali. Hakujua njia zetu wala milango yetu. Aliyemfanyia kazi hiyo alikuwa mtu, mtu aliyezaliwa na mama kama sisi. Koko alimwita kapita, yaani msimamizi, kwa sababu miaka ile, kabla ya uhuru, kila mkubwa alikuwa na kapita wake. Barabara ilikuwa na kapita, shamba la mzungu lilikuwa na kapita, na hata sisi watoto tulijua kwamba mzungu hupita mara mojamoja, ila kapita yuko kila siku.

Koko alipenda kutueleza huyo kapita alikotoka. Alikuwa mtoto aliyefiwa na wazazi, akaachwa kwa ndugu wawili wa baba yake waliokuwa majirani. Hawakuwa watu wabaya, na hakuna aliyempiga. Ila huyu alidhani mtoto amekula kwa yule, na yule alidhani amekula kwa huyu. Siku moja akiwa porini akasikia mtu anamwita kwa jina lake. Hakuuliza ni nani. Akaitika, akaifuata sauti, na tangu hapo akawa mkono wa kuume wa Zimwi, maana alijua ni mlango upi wa kijiji usiofungwa vizuri.

Ndiyo sababu kwetu hakuna mtu aliyeitika porini. Wawindaji walipigiana miluzi, na akina mama kwenye kuni waliguna tu wakaendelea. Koko alisema Kapita anaweza kuiga sauti yoyote, hata ya mama yako. Kitu kimoja tu kinamshinda: hawezi kumwita mtu aje kula. Maneno hayo hakuambiwa alipokuwa mdogo, kwa hiyo hakujifunza kuyasema.

Nyumbani tulikuwa na Mapendo, binti wa shangazi yangu marehemu. Umri wake ulikuwa kama wangu. Alilala mara kwetu, mara kwa baba mdogo, ng'ambo ya uwanja. Alikuwa mkimya, na alipoulizwa kama ameshiba alisema ndiyo, hata kabla swali halijaisha. Sote tulimpenda, naweza kusema hivyo bila kudanganya. Lakini hakuna aliyemwangalia.

Msimu mmoja wa mvua, wakati wa uyoga, tulikwenda porini wasichana wengi. Ukungu ukashuka ghafla, tukarudi mbio kwa vikundi vikundi. Mimi nilidhani Mapendo yuko mbele na wenzake. Asubuhi yake koko akaja kumtafuta amchotee maji. Mama akasema amelala kwa baba mdogo. Mama mdogo, mke wa baba mdogo, akatoka na ufagio mkononi, akasema hapana, amelala kwenu. Nawaona mpaka leo wale wanawake wawili, wakitazamana katikati ya uwanja.

Wanaume wakaingia porini na mikuki. Waliita jina lake mpaka koo zikawakauka. Tuliwasikia tukiwa kijijini. Jua lilipofika utosini wakaanza kurudi. Mmoja alisema ni chui. Mwingine alisema, kwa sauti ya chini, kwamba huenda mtoto alikwisha kuitika. Katekista akaanza kukusanya watu wasali.

Hapo mimi nikakasirika kuliko nilivyoogopa. Nilijua jambo ambalo wakubwa hawakulifikiria: Mapendo aliwasikia wote. Alikuwa amejificha mahali, mikono mdomoni, anafanya hasa alivyofundishwa. Nilimweleza koko hivyo, nikamwambia nitakwenda, anikataze asinikataze. Hakunikataza. Aliniambia nimletee fimbo yake.

Magoti yake yalikuwa mabovu na njia ilikuwa matope matupu. Kila aliposimama kupumua nilitaka kumwacha, naye kila mara aliinuka kabla sijasema. Tulipofika penye uyoga nikaita kwa nguvu zangu zote.

"Mapendo, kuya ukule. Tumepika bugali na uyoga."

Tukasogea, nikaita tena vilevile. Nikaendelea mpaka maneno yenyewe yakaanza kunichosha. Kisha, kutoka upande wa mti mmoja mkubwa, sauti kavu ikauliza:

"Kwa nani?"

Kwetu? Usiku kucha tulikuwa tumelala bila kumuulizia. Kwa baba mdogo? Ilikuwa vilevile. Nikamgeukia koko.

"Kwangu," koko akasema. "Mu nyumba yangu. Leo, na kesho, na siku zote."

Ndipo Mapendo akatoka kwa kutambaa, kati ya mizizi iliyosimama kama kuta. Kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama ndizi iliyoiva. Nilimbeba mgongoni. Njiani alitaka kujua kama uyoga upo kweli. Koko akakiri kwamba uyoga hakuna, na hata moto haujawashwa.

Ilikuwa kweli. Kwa muda mrefu koko hakuwa amepika. Alikuwa mzee, alikula alicholetewa na mama. Jioni ile alipuliza majivu yake mwenyewe mpaka machozi yakamtoka, akaweka sufuria. Mama alikuja na sahani iliyojaa, akasimama nayo mlangoni. Koko alimwambia aketi, lakini hakuipokea. Mapendo akala cha koko, na aliendelea kula cha koko mpaka alipoolewa huko Mushaki.

Tangu hapo nimeishi miaka mingi, na nimewaona watu waliokuwa mkono wa kuume wa wakubwa wabaya. Siwatetei. Aliyefungua mlango aliufungua kwa mkono wake. Ila niliwahi kumuuliza koko kwa nini watu wa kijiji cha Kapita hawakwenda kumtoa kwa Zimwi.

"Walienda," alisema. "Lakini walienda na mikuki."

Kwa muda mrefu niliamini hadithi ile ilikuwa ya kutuzuia sisi watoto tusizurure porini. Sasa nimefika umri wa koko, nami nakumbuka kwamba alianza kuisimulia baada ya kuzikwa shangazi, wala si kabla. Nakumbuka pia alivyoketi: sisi miguuni pake, lakini uso wake ukielekea jikoni, ambako mama na mama mdogo walikuwa wakimenya ndizi. Aliirudia jioni baada ya jioni, na sisi watoto tulitetemeka. Lakini hakuwa akisema na sisi.