Sababu: Upepo

Tusidanganyane. Kishada hakwenda kisiwani kufua mashuka. Kufua alifua, tena mpaka mgongo ukapinda, lakini kilichompandisha kwenye kivuko na begi kubwa kuliko yeye mwenyewe ni upepo. Chini ya begi lile, baada ya magauni mawili na taulo, kulikuwa na tiara kuukuu ya rangi ya chungwa, yenye viraka saba.

Usifikirie tiara ya karatasi ya watoto. Hii ni ya kitambaa, pana kuliko kitanda cha watu wawili, mbavu zake zinajazwa hewa kwa pampu. Mtu anajifunga mkanda mpana kiunoni, anashika kamba, anasimama juu ya ubao, na upepo unamkokota juu ya maji. Wenyewe wanaiita kaiti. Mwaka uliotangulia Kishada aliajiriwa ufukwe mwingine kuosha na kukunja tiara za wageni, akajifunzia humo humo, jioni baada ya jioni, akinywa maji ya chumvi hadi mwili ukaelewa. Hiyo tiara ya viraka aliiokota siku walipokuwa wakiitupa.

Kazi ya kufua, mkataba wa miezi mitatu, alipatiwa na shangazi yake, dada wa baba yake, aliyekuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli moja ya ufukweni kwa miaka kumi na tisa. Shangazi alimpigia simu, na kabla hajafika mwisho wa maelezo mwenzake ameshakubali. Shangazi akadhani ni shida. Kumbe miezi ile mitatu ndiyo hasa miezi ya upepo kule, na Kishada alikuwa anaihesabu tangu mwaka jana. Hakusema, na shangazi hakuuliza. Ugomvi wao ulianzia hapo hapo kwenye simu, ila ulichukua wiki tatu kujitokeza.

Upepo wa kisiwani una ratiba yake. Asubuhi umelala fofofo. Saa nane mchana unaamka, unavuma sawasawa mpaka saa kumi na moja, kisha unatulia. Kishada akaomba zamu ya alfajiri, ile ambayo wenzake waliikimbia kama deni. Saa kumi na moja alfajiri yuko mbele ya mashine anapakia taulo. Saa saba mchana anavua ndala za kazi. Saa nane yuko majini. Shangazi, maskini, akawa anajigamba kwa kila mtu. Mtoto wa kaka yangu huyo, alikuwa akiwaambia, mmemwona anavyojituma? Igeni.

Halafu mashine ya kukaushia ikaungua.

Fundi akaja, akatikisa kichwa, akasema kifaa kitaagizwa, na ukisikia fundi anasema kitaagizwa ujue umekwisha. Mashuka mia moja na arobaini kwa siku yakaanza kuanikwa uani, kwenye kamba kumi na mbili, kando ya ukuta mfupi unaotazamana na bahari. Na mashuka nayo yanataka upepo wa saa nane. Kwa miaka kumi na tisa shangazi hakuwa na sababu ya kusimama uani saa hiyo. Siku ya kwanza aliposimama, vibanio mdomoni, aliona tiara ya chungwa inakatiza mbele yake, na chini yake mtu aliyevaa fulana ya kijani yenye neno kubwa mgongoni: USAFI. Fulana hizo zinatolewa chumba cha kufulia tu. Vibanio vikamdondoka.

Wanawake wa kupiga pasi walicheka hadi wakakaa chini. Ndiyo siku walipompa jina la Kishada, na jina likashika kuliko lile alilopewa na baba yake.

Shangazi hakucheka. Aliona amefanywa mjinga mbele ya watu aliokuwa akiwaambia waige. Angeweza kumfukuza, lakini kufukuza kulikuwa kwepesi mno. Akamwita, akafuta jina lake kwenye zamu ya alfajiri, akaliandika kwenye zamu ya saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni.

"Unataka upepo?" alimwambia. "Utaupata. Upepo ukivuma, wewe uko kambani."

Basi vita ikaanza. Kila siku saa nane upepo unaamka, unampiga Kishada usoni na mashuka mabichi, na ng'ambo ya ukuta wageni wanateleza. Alimchukia shangazi yake, tena chuki safi isiyo na mchanganyiko. Alimwamkia shikamoo akiwa ameutazama ukuta, na shangazi akaitikia marahaba akiwa ameitazama pasi. Kishada akaanika foronya mdomo ukiangalia upepo, zikajaa na kufyatua vibanio, shangazi akamrudisha kuzifua upya. Shangazi akampa mashuka yasiyokamuliwa, mazito kama maiti. Mama wa pasi mmoja alijaribu kuwapatanisha, akaambiwa na wote wawili, kwa nyakati tofauti, ashughulike na kola zake.

Usije ukamwona Kishada ni mnyonge. Siku zake za mapumziko alikuwa majini, na mwisho wa ufukwe kuna chuo cha tiara ambacho mwalimu wake alikuwa akimtazama muda mrefu. Mwalimu yule, mtu mkavu asiyesifu, alimwambia kuna nafasi moja ya msaidizi, kazi ya mwaka mzima na siyo ya kuhesabu miezi. Ila lazima afanye mtihani. Mtahini anatoka nje, anakuja mara moja kwa mwaka, siku moja tu: Jumamosi saa nane mchana. Mtihani wenyewe unasikika mdogo. Unaondoka kwenye bendera, unaupanda upepo, yaani unakwenda kule upepo unakotoka, unazunguka boya, unarudi kwenye bendera ile ile. Wasioweza ndio wale unaowaona wakirudi kwa miguu ufukweni na tiara kichwani, wakijifanya wanafanya mazoezi ya kutembea. Mkataba wake wa kufua ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili. Akiikosa Jumamosi hiyo anarudi kwao na begi lake, na tiara inakuwa pazia.

Kumwomba shangazi ruhusa? Bora aombe mawe. Lakini Ijumaa shangazi hupumzika, na siku hiyo daftari la ruhusa husainiwa na karani wa utumishi, bwana mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Daftari lina safu: jina, tarehe, saa, sababu, sahihi. Ukilipekua kwenye safu ya sababu utalia. Ni misiba mitupu. Kuna mpishi aliyemzika mjomba mmoja mara nne. Kishada angeweza kumzika shangazi humo, na roho yake ingeburudika. Ila alikuwa na kiburi. Hakutaka kusema uongo ili apewe kitu alichoona ni haki yake. Kwenye sababu akaandika neno moja: Upepo.

Karani alisoma. Akavua miwani, akaivaa. Kisha akashusha sauti, akamuuliza ulimwanza lini.

"Tangu mwaka jana," Kishada akajibu.

"Unakushika sana?"

"Ukija mchana siwezi kukaa."

Karani akatikisa kichwa kwa huruma, akasaini. Akamwambia pole, binti, mama yangu naye alikuwa hivyo hivyo. Kishada akatoka anajiuliza mama wa karani alitumia tiara ya ukubwa gani. Hivi hakuona? Alikuwa amelewa Jumamosi. Mtu akikwambia kapigwa na upepo, si unajua anazungumzia nini? Maradhi ya kuanguka, yale ambayo watu hawayataji kwa sauti, wanayaita upepo ili kuyapunguza makali. Karani alisoma hivyo. Hata wewe ungesoma hivyo.

Jumamosi uani alibaki shangazi na mama mmoja wa pasi, na ruhusa ya Kishada imeshasainiwa. Upepo ulikuja na hasira, ukafyatua kamba mbili, mashuka thelathini na moja yakagaragara kwenye matope. Shangazi alisimama katikati yake akiitazama tiara ya chungwa inavyopanda, kipande kwa kipande, ikipinda kushoto, ikipinda kulia, ikizunguka boya, ikirudi. Kishada alitua kwenye bendera, akaikanyaga kabisa kwa mguu ili mtu asije akaleta maneno. Mtahini aliandika kitu kwenye karatasi, mwalimu mkavu akampa mkono, na hapo Kishada akalia mbele ya watu wala hakujali.

Ikabaki karatasi moja. Mwalimu alitaka barua ya mwajiri kuthibitisha kuwa ni mzima, kwa sababu huwezi kumwachia wanafunzi majini mtu anayeweza kuanguka. Ilitakiwa kabla ya Alhamisi, mtahini anapoondoka na mafaili yake. Kishada akaenda kwa karani Jumatatu akitabasamu.

Karani akamtazama kama mtu anayeombwa kusaini kifo. Dada, alimwambia, mimi siwezi kuandika uongo. Akafungua daftari, akaweka kidole: Sababu, upepo. Kishada akaanza kucheka. Akacheka vizuri tu, hadi alipoona mwenzake hacheki. Akaeleza yote, tiara, mtihani, boya. Karani akasikiliza, akavua miwani, na huruma yote ikamtoka usoni. Akamwambia sasa mambo ni mawili. Kama ulikuwa mgonjwa, ruhusa ilikuwa halali na barua ya uzima hupati. Kama ulikuwa mzima, barua unapata, lakini ulitoroka kazini, na mtoro kibarua chake kinaota nyasi siku hiyo hiyo. Daftari linarekebishwa na msimamizi peke yake, kwa sahihi yake. Lichukue, nenda kwa shangazi yako.

Ile njia ya kutoka ofisini hadi chumba cha kufulia ilimchukua saa nzima. Akafikiria kurudi nyumbani. Akafikiria kuighushi sahihi. Kisha akaingia.

Shangazi alikuwa kwenye meza ya pasi na wanawake wote walikuwepo. Habari zilishamfikia, hoteli haina siri kwa watu wanaofua mashuka yake. Kishada akamwamkia shikamoo, na safari hii alimtazama usoni. Shangazi hakuitikia. Kutoitikia shikamoo ya mtoto wa kaka yako, mbele ya watu, ni kumpiga kofi, na pasi zote zikasimama.

"Sema kwa mdomo wako mwenyewe," shangazi akasema. "Ulikuwa na upepo gani?"

"Sikuugua. Nilikwenda majini. Nilijua utanikatalia, nikasubiri siku usiyokuwepo."

Shangazi akafungua droo, akatoa bahasha, akaitupa mezani. Ndani kulikuwa na karatasi ya kumwombea Kishada ajira ya kudumu, imeandikwa kwa mkono wa shangazi, tarehe ya wiki mbili nyuma, katikati kabisa ya vita. Imeshapitishwa, inasubiri mihuri. Chuki ya Kishada ilitafuta pa kukaa, ikakosa. Angeweza kusema asante. Angeweza kusema nisamehe. Ningekuwa mimi ningesema vyote viwili na magoti pia ningepiga.

"Na hii nifanye nini nayo?" shangazi akauliza.

"Sikuiomba, shangazi. Siitaki."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoharibu. Shangazi akaivuta bahasha taratibu, akairudisha kwenye droo, akaifunga. Akachukua kalamu, akasahihisha daftari, kisha akaandika barua akiwa amesimama, juu ya meza yenye joto, bila kunyanyua kichwa. Alipomaliza akaisukuma kwa kidole kimoja.

"Chukua. Na shangazi humu ndani huna."

Kishada aliisoma njiani, akiwa ameshavua ile fulana ya USAFI na kuiacha kwenye beseni. Mwanzo wa barua palikuwa na maneno yaliyokatwa kwa mistari miwili, lakini wino ulikuwa mwepesi na yalisomeka: Mtoto wa kaka yangu. Juu yake yameandikwa mengine: Kibarua huyu. Kisha: ni mzima wa afya, hana upepo wala ugonjwa wowote. Nimemwachisha kazi leo kwa kuwa upepo ukivuma hakai kazini. Upepo anaujua kuliko kitu kingine chochote, na kuliko mtu yeyote.

Mwalimu mkavu alipoisoma alicheka kwa mara ya kwanza tangu ajulikane pale. Akasema hajawahi kuona mwajiri anayesifu hivyo, akaitoboa matundu mawili na kuifungia kwenye faili. Kishada akamwomba amrudishie akishanakili. Akaambiwa barua halisi ndiyo inayokaa.

Kesho yake saa nane alikuwa majini na mwanafunzi wake wa kwanza, mtu mzima aliyeshika kamba kama anashika mbuzi. Tiara ikawasogeza karibu na ule ukuta mfupi, na uani akamwona shangazi, peke yake, vibanio mdomoni. Kishada akainua mkono. Shangazi alimwona, alimtazama kabisa. Kisha akachukua shuka jingine kwenye beseni, akalitundika katikati yao, akalibana pembe zote.