Kikombe Nyuma ya Mgongo

Jumanne nilikwenda wodi ya wanawake, hapa Kigoma, kumwona mama wa mwenzangu kazini, bibi wa Ujiji. Nilimkuta muuguzi msaidizi akimfinya ngozi ya mkono taratibu. Ilibaki imesimama kama mkunjo wa shuka.

"Bibi, leo hujanywa maji?"

"Nakunywa, mwanangu. Yule mama wa kitanda cha pili ananinywesha."

"Bibi, pale hakuna mtu."

"Ndiyo maana kikombe hakipungui," alijibu bibi, bila kushangaa.

Kikombe kilikuwa kimejaa, mezani, nyuma ya mgongo wake. Wauguzi walimgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda, lakini meza waliisahau. Msaidizi akaihamishia upande wa uso, akampaka mafuta midomo iliyopasuka, akaanza kumnywesha kwa kijiko.

Mke wangu alifia kwenye kitanda kile cha pili. Naye aligeuzwa kwa saa zilezile. Nilikaa pale kila siku, na sikumbuki meza yake ilikuwa upande gani.

Msomaji, ukienda kumwona mgonjwa, tazama kwanza meza.

Sikumwuliza bibi huyo mama anayemnywesha anafananaje.